Nati Iliyomwaibisha Mama

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka yote niliyonayo, naufahamisha umma wa wasomaji kwamba katika kikao kitukufu cha Tume ya Biashara nilihudhuria kwa wadhifa wa Ofisa Mkuu wa Sampuli, upande wa wazalishaji wa ndani.

Wadhifa huo nilipewa na mjomba wangu asubuhi ile ile, ngazini, kwa maneno haya: "Beba boksi, weka mezani, usiguse kitu."

Kubeba nilibeba.

Wiki iliyopita tuliachana Mama akiwa mbele ya Tume, ameshakula kiapo, spana mkononi, na bolti ya kiwanda chetu imebanwa kwenye jiliwa juu ya meza. Alikuwa ametangaza, kwa sauti ambayo hata mbwa wa jirani huitii: "Nati yetu haichezi. Kaza utakavyo."

Akakaza.

Krrk!

Nati ikazunguka. Ikazunguka tena, laini kama kifuniko cha chupa. Nyuzi zake za ndani zilikuwa zimelika zote.

Nyuma ya ukumbi mtu akacheka kwa pua.

"Pole, Mama," akasema Bwana Tai. "Labda spana ndiyo mbovu."

Bwana Tai ni wakala wa wanaoagiza nati na bolti kutoka nje. Nyumbani tunamwita hivyo kwa sababu tai yake huingia chumbani kwanza, yeye akafuata.

Wakili wake akasimama. Mzee mwembamba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani ikisubiri zamu. Akaomba ruhusa, akaichukua ile nati, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu baya kama lile, na mimi nimelelewa na matroni wa bweni.

"Mama, hii ni nati ya nani?"

"Yangu. Imetoka kiwandani kwangu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyowajua wanangu."

"Basi huyu mwanao ana alama ya ukoo mwingine." Akamkabidhi Mwenyekiti nati pamoja na kioo. "Tazama ubavuni, Mheshimiwa. Hiyo ni alama ya kiwanda cha nje. Ni nati ya mteja wangu!"

Ukumbi ukavuma.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze upesi kabla Mama hajaanguka. Kuna viwanda vya nje vinavyotuletea nati na bolti kwa bei ya chini kuliko wanayouziana wenyewe kwao. Serikali ikaziwekea ushuru wa ziada, ili viwanda vya hapa visinyongwe. Kila baada ya miaka mitano Tume hukaa na kuuliza: ushuru uendelee, au ufutwe?

Sheria ya Tume ina kifungu kimoja kichungu. Kiwanda kikibainika kinanunua nati za nje na kuziuza kama zake, hakihesabiwi tena kuwa mzalishaji wa ndani. Kinatolewa kwenye shauri. Viwanda vingine vyote vya nati vilikwisha fungwa milango, Mama ndiye pekee aliyebaki upande wetu wa meza. Akitolewa yeye, ushuru hauna mtetezi. Ushuru ukifutwa, kiwanda kimekwisha, pamoja na kila mtu anayekula kwa mashine zake, nikiwemo mimi na ada yangu ya shule.

Mwenyekiti wa Tume, mama mnene mpole ambaye hadi wakati ule alikuwa hajapandisha sauti, akavua saa yake na kuiweka mezani.

"Tunapumzika nusu saa. Nikirudi nataka jibu moja. Nati hii ilifikaje kwenye bolti yako?"

*

Kwenye ujia, karibu na mtungi wa maji, Mama alimbana Mjomba ukutani. Mjomba ni mdogo wake, tumbo moja, na ndiye msimamizi wa kufungasha kiwandani. Ana urefu wa mlango. Mbele ya dada yake huwa na urefu wa kiti.

"Sampuli ulipanga wewe."

"Nilipanga mimi, dada."

"Ulitoka pale mezani?"

"Nilikwenda msalani mara moja tu."

"Ukamwacha nani?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu, nikagundua ni viatu vizuri sana, vyenye mambo mengi ya kuchunguza.

"Sikumwacha mtu," akasema Mjomba.

"Basi ni wewe! Umeokota nati za bei rahisi, umezichanganya na zangu! Mimi nakesha na mashine, wewe unaniuza!"

"Dada..."

"Usiniite dada. Leo usiniite."

"Mama," nikasema. Nilisema kweli, nina shahidi, ni mtungi wa maji. "Mama, kuna kitu nataka..."

"Nyamaza wewe! Leo si siku ya michezo yako."

Na mimi, naandika hili huku masikio yakiniwaka moto, nikashukuru. Nikashukuru kwamba nimenyamazishwa. Nilinyamaza kwa utii ambao matroni angelia machozi ya furaha kuuona.

Umekwisha nijua, msomaji. Tangu nati izunguke nimekuacha umtafute mhaini, ukamshuku Wakili, ukamshuku Karani wa Tume, wengine mkamshuku hata mfagizi. Mhaini alikuwa amebeba boksi.

Mezani palikuwa na trei mbili, yao na yetu, kila moja ina bolti sita zilizokwisha valishwa nati. Mjomba alipokwenda msalani, nilifungua nati moja yetu na moja yao, nikazibadilisha. Yetu nikaivalisha bolti ya Bwana Tai na kuiweka mbele kabisa ya trei yake, ing'ae, imwite. Yao nikaivalisha bolti yetu na kuificha nyuma ya wenzake.

Mpango ulikuwa huu. Bwana Tai ataanza. Atachukua ya mbele, atakaza, atajisifu: "Mnaona uimara wa nati za nje?" Hapo nitasimama nyuma ya ukumbi, nitasema: "Mheshimiwa, hiyo ni ya kwetu!" Watu watapiga meza. Mama atalia kwa fahari. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuinama kwa unyenyekevu mbele ya kioo cha bafuni.

Kosa langu lilikuwa moja. Shuleni kwetu, kwenye mdahalo, timu ngeni ndiyo huanza. Mgeni hapewi nafasi ya mwisho, ni desturi ya shule, imeandikwa hadi ukutani. Nikadhani dunia nzima ni shule yetu. Kumbe mbele ya Tume, anayeutaka ushuru uendelee ndiye hutangulia.

Karani alipoliita jina la Mama kwanza, nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Nilikuwa na muda wote aliotumia kutembea hadi mezani, kukunja mikono ya gauni na kuchagua spana. Nikajipa moyo: bolti zipo sita, atachukua ya mbele kama watu wote.

Mama akapeleka mkono nyuma. "Ya mbele kila muuzaji huisafisha," akamwambia Mwenyekiti. "Mimi nachukua ya nyuma, ili ujue zote ni sawa."

Ndiyo iliyozunguka.

*

Mjomba nilimkuta ngazini, amekaa ameshika magoti.

"Mjomba, nitasema."

"Utasema nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine?" Akapumua. "Ulikuwa mzaha wa kumpata nani?"

"Bwana Tai."

Nikamweleza mpango wote. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Ungekuwa mzuri," akasema.

Angenizaba kofi ningesikia nafuu.

"Sasa nisikilize. Wewe una mtihani mwaka huu. Ukisema umechezea vitu vya Tume, watakuita mhalifu, shule itasikia, utafukuzwa. Mimi nitasema nilizinunua. Dada atanifukuza, basi. Si mara ya kwanza. Alinifukuza hata kwenye harusi yake."

"Kwa nini?"

"Nilikula kipande cha juu cha keki kabla ya bwana harusi. Inuka, saa imefika."

Nikainuka. Nilipaswa kubishana. Nikainuka tu, nikamfuata, na moyoni kulikuwa na kitu kidogo kilichokuwa kinacheza ngoma kwamba nimeokoka.

*

Mjomba alisimama kabla Mwenyekiti hajaketi vizuri.

"Mheshimiwa, ni mimi. Nati za nje nilizinunua mimi. Dada yangu hajui lolote."

Mama akageuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetamani sana awe amekosea.

Nilitegemea Wakili akasirike kwa kupokonywa windo. Akasimama akipangusa miwani, mchangamfu kama mtoto siku ya kufunga shule.

"Asante kwa ukweli wako, bwana. Kazi yako kiwandani?"

"Msimamizi wa kufungasha."

"Nati ulizonunua ulizifungasha kwenye maboksi ya nani?"

"Ya... ya kwetu."

"Yenye jina la kiwanda?"

"Ndiyo, lakini nilinunua mimi, si kiwanda!"

"Msimamizi wa kiwanda, kwenye maboksi ya kiwanda, kwa wateja wa kiwanda." Wakili akamwinamia Mwenyekiti. "Mheshimiwa, kifungu kinajieleza. Hawa si wazalishaji, ni waagizaji wenzetu. Naomba watolewe kwenye shauri."

Mjomba akageuka kumtazama dada yake. Nikamwona akielewa. Kwenye jeneza alilodhani ni lake peke yake, alikuwa amemlaza dada yake na kiwanda kizima.

Mama akaketi taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Zilikuwa nyingi?" Mwenyekiti akauliza, kalamu juu ya karatasi.

"Boksi zima," akasema Mjomba. Alikuwa amechanganyikiwa, anazama huku anapiga miguu.

"Na hizi za kwenye trei?"

"Zote, Mheshimiwa. Zote sita."

Hapo kitu kikanichoma. Msije mkanisingizia ujasiri. Ujasiri ulikuwa umekwenda msalani tangu asubuhi. Kilichonichoma ni kwamba kazi yangu inasimuliwa vibaya. Mtu wa mizaha anaweza kuvumilia adhabu, njaa, na kupiga deki bweni zima. Hawezi kuvumilia mzaha wake ukiharibiwa na msimuliaji.

"Moja tu!" nikapiga kelele. "Nilibadilisha moja tu!"

Vichwa vikageuka. Hata feni ilionekana kusubiri.

"Nani huyo?" akauliza Mwenyekiti.

"Mtoto wa maboksi, Mheshimiwa," akasema Karani.

"Aje mbele mtoto wa maboksi."

Safari ile kutoka kiti cha nyuma hadi mezani, naiota hadi leo. Sikumtazama Mama. Nilisimama pale aliposimama yeye, nikasema yote: trei, msala, nati mbili, Bwana Tai, mdahalo wa shule. Nilipofika kwenye kuinama kwa unyenyekevu, mmoja wa wajumbe wa Tume alijifunika mdomo kwa faili.

Wakili hakucheka.

"Mheshimiwa, ni hadithi tamu. Mtoto amefundishwa wakati wa mapumziko. Nilimwona mwenyewe ngazini na mjomba wake, vichwa vimegusana."

"Hilo ni rahisi kujua," akasema Mwenyekiti. "Kama walibadilishana, nati ya kiwanda hiki iko kwenye bolti ya mbele ya trei ya waagizaji. Karani, ilete."

Mjomba akavuta pumzi. Mama akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu krrk, niliona rangi ikirudi usoni mwake.

Karani akaileta trei.

Bolti ya mbele ilikuwa uchi. Haikuwa na nati.

"Mwizi!" Mjomba akamnyooshea kidole Bwana Tai. "Umeitoa! Umeuficha ushahidi!"

"Mimi? Mimi sijagusa kitu!"

"Huyo! Mwangalieni anavyotokwa jasho!"

"Jasho ni la joto, bwana!"

"Toa vilivyomo mfukoni," akasema Mwenyekiti.

Bwana Tai akatoa. Leso. Ufunguo. Pipi mbili za kikohozi. Picha ndogo ya mtoto mchanga. Akasimama mbele ya watu wote na mifuko yake imening'inia nje kama masikio, na ile tai ndefu ghafla ilionekana imeazimwa kwa mtu mkubwa zaidi.

Nami nilisimama hatua chache kutoka kwake, nimeutia mkono mfukoni mwa sketi, na kwenye vidole vyangu nati ilikuwa imeshapata joto.

Ndiyo. Hilo nililiruka hata kwenu. Kabla ya kumfuata Mjomba ngazini, nilirudi ukumbini kimyakimya ili nizirudishe nati mahali pake, mambo yaishe bila ya mtu kujua. Yetu nikaifungua kwenye bolti ya Bwana Tai. Ndipo nikakumbuka kwamba ile nyingine iko mbele ya Mwenyekiti, imekwisha kuwa kielelezo. Nikasikia viatu vya Karani. Nikaitia nati mfukoni, nikatoka.

Ushahidi pekee wa kumwokoa Mama niliuharibu kwa mkono wangu, nikijiokoa mimi. Na sasa ukionekana mfukoni mwa binti wa mwenye kiwanda, nani ataamini kwamba umetoka kwenye trei ya waagizaji? Nikaacha watu wamtazame Bwana Tai.

Mwenyekiti akamgeukia Mama.

"Hakuna ushahidi zaidi ya neno la mtoto huyu. Bado uko chini ya kiapo, Mama."

"Nakumbuka, Mheshimiwa."

"Nikuulize basi kama mzazi. Binti yako ni mtu wa kuaminiwa?"

Kila mtu mle ndani alijua jibu la kukiokoa kiwanda. Neno moja, jepesi, mzazi yeyote angelisema hata akiwa usingizini. Wakili alikwisha inuka nusu, tayari kulipinga.

Mama alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kama anavyoitazama mashine iliyomgomea.

"Hapana, Mheshimiwa."

Wakili akabaki nusu amekaa, nusu amesimama.

"Nampenda," akasema Mama. "Ni mwanangu, nitamlisha na kumsomesha, hata kwa kuuza mashine. Lakini umeniuliza kama anaaminiwa. Mwaka jana alinipigia simu kutoka shuleni, akasema amevunjika mguu. Niliacha kazi, nikasafiri usiku kucha nikilia. Nilimkuta uwanjani anaruka kamba. Akaniambia, 'Nimekupata, Mama.'" Akapangusa kiganja kwenye gauni. "Siwezi kuapa juu ya maneno yake. Samahani."

Kuna aibu ya kupigiwa kelele paredini mbele ya shule nzima. Hiyo naijua, nimeizoea, ina hata utamu wake. Hii ilikuwa nyingine. Hii haikuwa na kelele. Mama yangu alikuwa ameomba samahani kwa watu wasiomjua, kwa sababu yangu, huku kiwanda chake kikimtoka mkononi.

Mwenyekiti hakuniangalia. Alimwangalia Mama, kisha Wakili, kisha Mama tena. Akachukua kalamu. Akaandika maneno machache kwenye karatasi, akaipindua juu chini, akaweka kiganja juu yake.

"Uamuzi wangu nimeuandika," akasema. "Kabla sijausoma, wewe binti. Umesikia alivyosema mama yako. Kuna lolote, lolote kabisa, ambalo hujatuambia?"

Nilikuwa na hotuba. Huwa nina hotuba. Nikaitafuta kichwani, nikakuta pametulia kama bweni siku ya likizo.

Nikautoa mkono mfukoni, nikaiweka nati mezani. Ililia kidogo ilipogusa mbao.

"Bwana Tai hakuichukua," nikasema. "Ni mimi, wakati wa mapumziko. Nilitaka kuficha. Nikanyamaza akapekuliwa. Samahani, bwana."

"Mheshimiwa!" Wakili akaruka. "Nati mfukoni mwa binti wa kiwanda! Hii inathibitisha..."

"Keti," akasema Mwenyekiti. Kiganja chake hakikuondoka juu ya karatasi. "Umemaliza, binti?"

Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimegeuka kurudi nilikotoka. Ndipo nikamwona Mama, hajainua macho, anaitazama ile nati aliyoitengeneza mwenyewe.

"Bado," nikasema. "Mama amesema kweli, mimi ni mwongo. Mguu haukuvunjika." Nikamgeukia Mama. "Lakini simu ile haikuwa mzaha. Wenzangu wote walikuwa wametembelewa. Muhula mzima, wote. Nilitaka tu uje, Mama. Niliona aibu kusema."

Karatasi iliyokuwa chini ya kiganja cha Mwenyekiti nitakusomea wiki ijayo.